Mti uliofungwa, ukuta uliopandwa: uchambuzi wa kisa cha kuwafundisha watoto wadogo kupima hatari

Kisa hiki kinahusu kituo kimoja cha elimu ya awali, mti mmoja uani, na mkono wa mtoto mmoja uliovunjika. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa. Umri wa watoto, vimo na mfuatano wa matukio vimeachwa, kwa kuwa bila hivyo kisa hakifundishi kitu.

## Kituo na mti

Kituo kilikuwa na watoto 46 wa miaka 3 hadi 6, walimu wanne na walezi wasaidizi wawili. Mapumziko ya asubuhi yalichukua dakika 40, watoto wote wakiwa uani pamoja na watu wazima watatu wa zamu. Katikati ya uwanja palikuwa na mti mkubwa wenye matawi mapana. Tawi la kwanza lilikuwa mita 0.9 kutoka chini, la pili mita 1.5, la tatu mita 2.2. Udongo chini yake ulikuwa umeshindiliwa na miguu ya miaka mingi hadi ukawa mgumu kama sakafu.

Kanuni ya kupanda haikuandikwa popote. Mwalimu mmoja aliruhusu tawi la kwanza tu, mwingine aliruhusu wakubwa wapande watakapo, wa tatu alimshusha kila aliyemwona. Watoto walijua zamu ni ya nani kabla hawajavaa viatu.

## Tukio

Mtoto A, miaka 5 na miezi 2, alikuwa ametumia siku kadhaa akiwatazama wakubwa waliokaa kwenye tawi la pili. Alijaribu kupanda la kwanza akashindwa: goti lilifika, mkono haukufika. Siku ya tukio alimwomba mlezi msaidizi, "Dada, nipandishe na mimi." Mlezi alimnyanyua, akamkalisha kwenye tawi la pili, akasimama naye kidogo, kisha akaitwa kumhudumia mtoto mwingine.

Baada ya dakika mbili tatu A alitaka kushuka. Njia hakuijua, kwa sababu hakuna njia aliyopitia kwenda juu. Alianza kujiburuta pembeni mwa tawi, uso mbele, mgongo ukielekea shina. Mwalimu aliyekuwa upande wa pili wa uwanja alimwona, akapaza sauti: "Angalia, utaanguka!" Mtoto aligeuza kichwa kuitafuta sauti, mkono wa kulia ukaachia, akaanguka kutoka kimo cha karibu mita 1.5. Alitanguliza mkono. Mifupa yote miwili ya kigasha ilivunjika karibu na kifundo.

Huduma ya kwanza ilikwenda vizuri. Mkono uliegemezwa kwenye blanketi lililokunjwa katika mkao uleule uliokutwa nao, bila mtu kujaribu kuunyoosha. A hakupewa chakula wala maji, ili ikibidi apewe dawa ya usingizi hospitalini pasiwe na kikwazo. Mzazi alipigiwa simu ndani ya dakika tano. Mtoto alifungwa plasta ngumu kwa wiki tano, na mkono ukapona bila kasoro.

Fomu ya tukio ilijazwa siku hiyohiyo. Ilikuwa na nafasi ya saa, mahali, jeraha na hatua zilizochukuliwa. Penye neno "Chanzo" paliandikwa: "Mti." Hapakuwa na mstari wowote wa kuuliza mtoto alifikaje pale. Kwa hiyo kunyanyuliwa kwake hakukuandikwa, kelele haikuandikwa, na uamuzi uliofuata ulijengwa juu ya neno moja ambalo halikuwa chanzo.

## Marufuku

Jioni ileile mti ulizungushiwa utepe mwekundu, wazazi wakaandikiwa barua, na watoto wakaambiwa kesho yake: "Mti ni hatari. Haupandwi." Kwa kipimo cha jeraha la mtini, marufuku ilifanikiwa, maana hakuna aliyeanguka tena kutoka mtini.

Daftari la majeraha madogo lilionyesha jambo jingine. Michubuko haikupungua, ilihama. Kabla ya hapo mingi ilitokea mtini na kwenye bembea; sasa iliandikwa "nyuma ya ghala", "kwenye viti", "haijulikani". Wiki ya tatu watoto wawili wa miaka 6 walikutwa wamepanda rundo la viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Wiki ya saba mtoto B, miaka 4, alikutwa ameketi juu ya ukuta wa mita 1.9 nyuma ya ghala. Alikuwa amepanda ndoo iliyopinduliwa juu ya kreti. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na mfereji wa zege.

Mwalimu wa darasa la wakubwa alikaa na watoto kwenye mkeka akawauliza kwa utulivu, "Kwa nini hatupandi mti?" Aliandika majibu kama yalivyotoka. "Mwalimu atagomba." "Mti ni mbaya." "Mama ataitwa." Ni mtoto mmoja tu aliyejibu, "Ukianguka mkono unavunjika," naye alikuwa A. Mwalimu akauliza tena, "Na nyuma ya ghala je?" Jibu lilikuja kwa pamoja: "Huko mwalimu haoni."

Wiki saba za marufuku ziliwafundisha watoto kumkwepa mwalimu. Kuhusu kimo, tawi, ardhi ngumu na mikono yao wenyewe hawakujifunza lolote.

## Uamuzi wa kuufungua mti

Njia nne zilijadiliwa. Ya kwanza ilikuwa kukata matawi ya chini. Ilikataliwa kwa sababu ingewazuia wadogo peke yao. Wakubwa wangetafuta kitu cha kukanyagia na kuanzia kwenye tawi la mita 2.2, na anguko lingekuwa la kimo kikubwa zaidi. Ya pili ilikuwa kuendeleza marufuku na kuongeza mlinzi nyuma ya ghala. Hiyo ingehitaji mtu mzima wa nne ambaye hayupo, na ingehamishia tatizo kwenye kona nyingine. Ya tatu ilikuwa kununua kifaa cha kupandia. Haikukataliwa, ila iliahirishwa: kifaa kipya bila mafunzo kingerudisha mazoea yaleyale. Ya nne ilikuwa kuufungua mti kwa masharti, kubadilisha ardhi iliyo chini yake, na kuwafundisha watoto na watu wazima kwa pamoja.

Kwenye mkutano wa wazazi swali zito lilitoka kwa mama yake A. "Mwalimu, mkishamfundisha, nani atakuwa chini yake?" Palepale jibu halikuwepo. Lilipatikana baada ya siku mbili na likawa sharti la kwanza: mti uko wazi pale tu mtu mzima mmoja anapokuwa na kazi hiyo moja, yaani hafuti pua za watoto, hapokei simu wala hafungi kamba za viatu. Akiitwa, watoto wanashuka kwanza, utepe unarudishwa, ndipo anaondoka.

## Mtego na mtihani

Kiswahili kinatubebesha mzigo katika jambo hili. Neno "hatari" tunalitumia kwa kitu chenye uwezo wa kudhuru, kwa uwezekano wa kudhurika, na kwa ukelele wa kuonya. Vijana wanalitumia hata kusifia. Mtoto wa miaka minne anayeambiwa "mti ni hatari, waya ni hatari, barabara ni hatari, mkasi ni hatari" hana namna ya kujua kipi asikiguse kabisa na kipi akijifunze polepole.

Walimu walikubaliana kutumia maneno mawili. *Mtego* ni hatari ambayo mtoto haioni au hana uwezo wa kuipima: tawi lililooza ndani, panda nyembamba (pale matawi mawili yanapoachana) inayoweza kunasa shingo, kiota cha nyigu. Mtego huondolewa na mtu mzima. *Mtihani* ni hatari anayoiona na anayoweza kuijaribu kwa kiasi: kimo, tawi linaloyumba kidogo, nafasi kati ya mguu na mguu. Mtihani huachwa mahali pake, na mtoto hufundishwa.

Ukaguzi wa mti ulifuata mgawanyo huo, ukafanyika hivi:

Matawi yalipimwa uhai. Tawi lisilo na majani wakati mengine yanayo, linalobambuka gamba, au likikwaruzwa kwa ukucha halionyeshi ubichi chini ya ganda, lilikatwa. Yalikatwa mawili.

Panda na nafasi zilipimwa kwa rula. Kiwango cha Ulaya cha vifaa vya michezo, EN 1176, huitilia shaka nafasi iliyo kati ya milimita 89 na 230, kwa sababu mwili wa mtoto mdogo unaweza kupita na kichwa kikabaki. Mti si kifaa cha kiwandani na kiwango hicho hakikuandikwa kwa ajili yake, lakini shingo ya mtoto ni ileile. Panda yenye umbo la V kwenye kimo cha mita 1.4 ilifunguliwa kwa kukata tawi dogo la pembeni.

Ardhi ndiyo iliyochukua kazi kubwa. Udongo ulichimbwa na kujazwa vipande vya mbao vya milimita 5 hadi 30. Kiwango hichohicho hutaja unene wa sentimita 20 kwa anguko la hadi mita 2 na sentimita 30 kwa hadi mita 3, kisha hushauri sentimita 10 za ziada kwa sababu miguu huvisukuma pembeni. Kituo kilijaza sentimita 30 kwa kikomo cha mita 2, kikiwa kimeshaihesabu ziada hiyo. Eneo lilienea si chini ya mita 1.5 kutoka ncha ya kila tawi linalokanyagwa, maana mtoto akiteleza haanguki wima. Kosa la kawaida ni kujaza vizuri kisha kusahau: baada ya wiki tatu unene chini ya tawi la kwanza, wanakotua watoto wote, ulikuwa umebaki sentimita 17. Reki na fimbo yenye alama viliwekwa mtini, na kupima kukawa kazi ya kila asubuhi.

Mavazi: skafu, mikufu na kamba za kofia zilivuliwa kabla ya kupanda. Kofia ngumu ya baiskeli ilivuliwa pia, na hili liliwashangaza wazazi wengi. Kofia hiyo hulinda kichwa barabarani, lakini mtini inaweza kukwama kwenye panda wakati mwili unaning'inia, na kamba ya kidevuni ikakaba. Miguu ilikuwa mitupu au ndani ya kiatu cha kufunga. Ndala zilibaki kwenye benchi.

## Masomo ya watoto

Yalikuwa matano, ya dakika 15 hadi 20, kwa vikundi vya watoto sita. Mti wenyewe haukuguswa hadi somo la tatu.

Somo la kwanza lilikuwa kutua. Watoto waliruka kutoka kwenye sanduku la sentimita 30, kisha 50, hadi kwenye mkeka: miguu miwili pamoja, magoti yamekunjwa, mikono mbele, na ukipoteza mizani unabiringika badala ya kujikaza. Hapo kila mtoto alijifunza kimo chake mwenyewe. Mwalimu hakusema "wewe ruka hiki", aliuliza, "Unaona mwili wako unaweza kipi leo?" Neno "leo" lilikuwa na maana yake. Mtoto aliyelala vibaya au anayeumwa ana kimo tofauti na cha jana.

Somo la pili lilifanyika kwenye ngazi iliyolazwa chini, kisha ikaegemezwa kidogo. Mtoto ana viungo vinne vya kushikia, yaani mikono miwili na miguu miwili. Kanuni ni "vitatu vimeshika, kimoja kinasogea". Walimu walidhani hili litakuwa rahisi, kumbe lilikula muda kuliko yote. Watoto wa miaka 3 na 4 husogeza mkono na mguu kwa pamoja, hasa wanapoharakishwa na aliye nyuma yao. Dawa haikuwa kurudia kanuni. Ilikuwa kuwaondoa wenzao nyuma yao.

Somo la tatu: kulichunguza tawi. Tazama kama lina majani. Paka kiganja kwenye gamba: ni kavu au lina umande? Lisukume kwa mkono, kisha kanyaga karibu na shina, mahali tawi ni nene, huku mikono ikiwa bado imeshika penginepo. Unene ulipimwa kwa mwili wa mtoto mwenyewe: tawi jembamba kuliko mkono wako juu ya kiwiko ni la kushika tu, si la kukanyaga.

Somo la nne: kushuka. Lilifundishwa kabla ya kupanda juu, na katika mpango mzima hakuna jambo lililokuwa na thamani kuliko hili. Mtoto alipanda tawi la kwanza tu, akashuka mara tano, tumbo likielekea shina, mguu ukitafuta mahali kabla ya mkono kuachia. Hakupewa ruhusa ya tawi la pili hadi ashuke la kwanza bila kuguswa. Na hakuna mtu mzima aliyemnyanyua mtoto yeyote. Asiyefika kwa nguvu zake hajawa tayari kufika, na mti wenyewe ulimpa jibu hilo bila kumgombeza.

Somo la tano: kusema mpango. Kabla ya kupanda, mtoto alijibu maswali manne: Naona nini? Nini kinaweza kutokea? Nitafanya nini? Nikikwama je? Kwa watoto wa miaka 5 na 6 maswali yalifanya kazi. Wa miaka 3 na 4 walijibu la kwanza wakasahau walikuja kufanya nini. Kwao yalipunguzwa yakabaki mawili, na yaliulizwa wakiwa wameshika shina tayari: "Utakanyaga wapi? Utashukia wapi?"

## Masomo ya watu wazima

Haya yalikuwa magumu zaidi, kwa sababu watu wazima walikuwa na mazoea ya miaka. "Angalia", "taratibu", "utaanguka" hutoka mdomoni bila kupita kichwani. Maneno hayo hayamwambii mtoto aangalie nini. Humwambia tu kwamba mtu mzima ameogopa, na mtoto mdogo huacha kazi aliyonayo ili atazame uso wa aliyeogopa. Ndicho kilichompata A.

Badala yake walimu walifanya mazoezi ya maneno yanayorudisha macho ya mtoto kwenye kazi. "Mguu wa kushoto umekanyaga nini?" "Mkono unaofuata utashika wapi?" "Tawi hilo linayumba, umelisikia?" Kwa sauti ya kawaida, kutoka karibu, yaani mtu mzima husogea kwanza ndipo aongee. Na kabla ya kuongea huhesabu moja hadi kumi kimoyomoyo, isipokuwa anapoona mtego au mtoto anayeachia. Mara nyingi kufikia sita mtoto ameshatatua.

Lilihitajika pia neno moja la dharura, lisilotumika kwa jambo jingine lolote. Lilichaguliwa "Simama!" na likafanyiwa mazoezi kama mchezo: watoto wanakimbia, neno linatamkwa, wote wanatulia. Uwanjani lilifaa kabisa. Siku ya pili ya kufungua mti, mwalimu aliona nyigu karibu na mtoto aliyekaa kwenye tawi la kwanza, akaita "Simama!" Mtoto alitii. Alisimama wima juu ya tawi, mikono hewani. Hakuanguka, lakini kosa lilikuwa wazi: kwa anayekimbia neno hilo ni kuacha, kwa aliyeketi ni kuinuka. Lilibadilishwa siku hiyo likawa "Ganda!", ambalo popote mtoto alipo humwambia ashike alichoshika na asisogee. Wanaoandaa mafunzo kama haya wanapaswa kulijaribu neno lao la dharura katika kila mkao ambao mtoto anaweza kuwa nao: akiwa amekaa, amelala, ananing'inia.

## Matokeo ya wiki kumi na mbili

Hakuna mfupa uliovunjika wala kichwa kilichogongwa. Ilitokea michubuko ya magoti na viganja, kijiti kimoja kilichoingia kidoleni, na maanguko manne kutoka tawi la kwanza, yote yakitua kwenye vipande vya mbao bila jeraha la kutibiwa. Nyuma ya ghala hakuonekana mtu aliyepanda. Hili halitokani na mafunzo peke yake, kwa kuwa ndoo na kreti viliondolewa na njia ya kwenda huko ikawekewa geti.

Wiki ya tano mtoto wa miaka 6 alikwama kwenye tawi la pili na kuanza kulia. Mwalimu wa zamu hakumshusha. Alisimama chini yake, akamwambia, "Nipo hapa, shika shina," akasubiri kilio kipungue, ndipo akamuuliza mguu upi unaweza kusogea. Ilichukua dakika kumi na moja. Mwalimu alisema baadaye kwamba zilikuwa ndefu kuliko somo lolote alilowahi kufundisha, na mtoto aliomba kupanda tena kabla ya mapumziko kwisha.

A alirudi mtini wiki ya sita baada ya mti kufunguliwa, kwa hiari yake. Wiki ya tisa alifika tawi la kwanza bila msaada. Hakulitaka la pili. Alipoulizwa alijibu, "Mkono wangu haujafika," na jibu hilo likapokelewa kama lilivyo.

## Uchambuzi: kilichofanya kazi

Watoto hutafuta kimo watake watu wazima wasitake. Ellen Sandseter, mtafiti wa Norway, aliuainisha mwaka 2007 mchezo wenye hatari katika makundi sita: kimo, kasi, zana zenye makali, mahali pa hatari kama majini na penye moto, kushikana mieleka, na kwenda mbali hadi kupotea machoni pa wakubwa. Ukiusoma uwanja wa kituo hiki kwa makundi hayo, marufuku inaeleweka upya. Mti ulitoa kimo mbele ya macho ya mwalimu. Ulipofungwa, watoto walipata kimo na kupotea machoni kwa mpigo mmoja nyuma ya ghala. Hatari mbili zikaunganishwa na uamuzi uliokusudia kuondoa moja.

Ardhi laini na masomo vilitegemeana. Vipande vya mbao vilimpa mtoto nafasi ya kukosea bila kulipa kwa mfupa. Masomo yaliyafanya makosa yawe machache na ya kimo kidogo. Kingekuwepo kimoja tu, matokeo yasingekuwa haya.

Kutomnyanyua mtoto kulizuia kisa cha kwanza kisijirudie, na hakukugharimu chochote. Kanuni hiyohiyo inahusu ubao wa kuteleza: mtu mzima anayemteremsha mtoto mapajani, akidhani anamlinda, anaongeza uzito, na kiatu cha mtoto kikikwama ukingoni mguu huvunjika. Mtoto akiteleza peke yake mguu ukikwama, yeye mwenyewe husimama.

## Uchambuzi: kilichoshindikana

Wiki za mwanzo kanuni zilitungiwa wimbo. Watoto waliuimba vizuri sana, wengine wakisogeza mkono na mguu kwa pamoja huku wanaimba "vitatu vimeshika". Kukariri kulifichia walimu ukweli kwa karibu wiki mbili. Wimbo uliachwa, na kipimo kikawa kumtazama mtoto akishuka.

Ujuzi haukuhama wenyewe. Mtoto makini mtini alikimbia na mkasi uleule asubuhi ileile. Ilibidi mazungumzo ya "naona nini, nini kinaweza kutokea" yafanyike upya kwenye ngazi za jengo, kwenye mkasi na penye birika la moto, kila kimoja kwa mikono na kwa kitu chenyewe. Walimu walikuwa wametarajia kwamba somo moja litatosha kwa yote, na matarajio hayo hayakuwa na msingi.

Foleni ilisahaulika. Wiki ya pili mtoto wa miaka 4 alisukumwa na aliyekuwa akingoja. Vilitengenezwa vibao viwili vya mbao: mwenye kibao ndiye anayepanda, wengine wanakaa kwenye benchi mita tatu kutoka hapo. Hili lilipaswa kuwepo siku ya kwanza. Kutokana nalo likaonekana jingine: watoto wawili hawakutaka kupanda kabisa, na wenzao waliwazomea. Kukataa ni kupima hatari pia, na mwalimu aliyesema "ukijisikia siku nyingine, mti upo" alifanya kazi nzuri kuliko aliyewahimiza.

Mwalimu wa muda aliyekuja wiki ya nane hakupewa mafunzo. Kwa siku tatu kelele za "utaanguka" zilirudi, na maanguko mawili kati ya manne yalitokea siku hizo. Idadi ni ndogo mno kuthibitisha kitu, lakini kituo hakikungoja uthibitisho: kuanzia hapo hakuna aliyekaa zamu ya mti kabla ya kumtazama mwenzake kwa mapumziko mawili.

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa kwa wazazi. Waliambiwa watoto wanafundishwa kupanda. Hawakuambiwa mafunzo yanaishia wapi. Baba mmoja alieleza kwamba binti yake wa miaka 5 alipanda kizuizi cha roshani nyumbani, akimhakikishia, "Baba, vitatu vimeshika." Hapo ndipo mpaka wa mtego na mtihani ulipaswa kuchorwa mapema. Roshani na madirisha ya ghorofani ni mitego: kosa moja halirudiwi. Maji ni mtego, kwa kuwa mtoto huzama kimya na kwa haraka. Barabara pia. Utafiti wa wanasaikolojia wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba macho ya watoto wa shule ya msingi hayatambui kwa uhakika ujio wa gari linalozidi takriban kilomita 32 kwa saa, kwa hiyo hata mtoto anayetazama kushoto na kulia anaweza kuona gari na asione kwamba linakuja. Dawa, umeme na moto vimo humohumo. Katika haya mtoto huelezwa na kufundishwa, ila uzio, kufuli na mkono wa mtu mzima haviondoki kwa sababu amefundishwa. Barua ya pili kwa wazazi iliyataja moja baada ya jingine, na kuwaomba wasogeze viti na meza mbali na vizuizi vya roshani.

Fomu ya tukio ilibadilishwa mwisho kabisa, ingawa ingestahili kuwa ya kwanza. Sasa ina mistari mitatu ambayo haikuwepo: mtoto alifikaje pale, nani alisema nini katika sekunde za mwisho, mtoto mwenyewe anasema kilitokea nini. Mstari wa tatu hujazwa kwa maneno yake, bila kusahihishwa.